Chunusi Kamchukua

Asubuhi aliyotoweka Rukia, ndimu zilikuwa zimekwisha kukatwa. Zilipangwa nusu nusu kwenye sahani ya bati, zinamngoja aamke apakwe.

Somoe ndiye aliyezikata. Alifanya hivyo kila siku tangu mdogo wake awekwe ndani kungoja ndoa.

Uliyekuwa nasi tangu mwanzo unayajua yaliyopita. Uliyeingia leo, shika haya machache. Wazazi wao walipofariki, Somoe alimlea Rukia pale Mahurunga, yeye na mumewe Rashidi, baba wa mtoto wao Mustafa. Binti akakua, akapata mchumba: Yusufu, kibarua wa bandarini Mtwara mjini. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa uso wa bibi harusi. Ulijaa chunusi.

Si zile mbili tatu za usichana. Zilikuwa nyekundu, zenye vichwa vya usaha, zimejipanga kutoka kwenye paji la uso mpaka chini ya kidevu.

Wakageukia vya nyumbani. Walianza na dawa ya meno. Ililala usoni usiku kucha, asubuhi ikabanduka na ngozi. Wakaja na ute wa yai. Wakaja na magadi yaliyokorogwa kwa ndimu, uso ukatoa mapovu kama nguo iliyolowekwa. Kitunguu saumu kiliacha mabaka.

"Dada, inawasha."

"Vumilia. Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Somoe alilisema kwa mapenzi. Neno likitoka halirudi, na hili lilikwenda mbali kuliko alivyodhani.

Siku moja kabla hajatoweka, shangazi yake Yusufu, Bi Fatuma, alikuja kumtazama mwali. Alikaa mkekani, akamshika Rukia kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai.

"Mama wee! Huu ni uso au barabara ya Mahurunga wakati wa masika?"

Wanawake wakacheka.

"Usinune, mwanangu, mie natania. Lakini Jumamosi nakuja na wenzangu kukusugua singo, na mpiga picha tunaye. Tukikukuta hivi tutakupiga ya kisogo."

Rukia alicheka pamoja nao. Somoe peke yake aliona mkono wa mdogo wake ukichomoa ukindu wa mkeka, mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake chumba kilikuwa kitupu. Mwali hatoki nje. Mwali akitoka nje, kuna jambo.

Kabla jua halijawa kali, wanawake waliokwenda kufua walirudi mbio. Ukingoni mwa Ruvuma, pale watu wanapopandia mtumbwi, wameona ndara za Rukia zimekaa pamoja, na kanga yake imetupwa topeni.

Karibu na hapo kuna nyumba moja tu, ya Bibi Conceicao. Bibi huyo alikuja kutoka ng'ambo ya mto akiwa msichana, akaolewa huku, akabaki mjane huku. Kiswahili alikijifunza ukubwani, na watoto wa Mahurunga humwigiza wakicheza.

Rashidi alikwenda kumwuliza. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba gunia.

"Bibi kasemaje?" Somoe alimkimbilia.

"Kasema..." Rashidi akatazama chini. "Kasema chunusi kamchukua."

Nani asiyemjua chunusi huyo? Ndiye akaaye chini ya maji, akashika mguu wa mwogaji na kumvuta mpaka kwake. Aliyechukuliwa naye harudi, na mwili wake hauonekani.

Somoe alianguka chini pale pale. Kilio kilichotoka hakikuhitaji mtu wa kukitangaza.

Mitumbwi iliyokuwa inatafuta ilirudi. Ya nini kutafuta? Shehe aliitwa. Rukia akasaliwa bila jeneza. Watu walilala matangani, wakala, wakaondoka. Na nyumba ya Bibi Conceicao ilipoonekana imefungwa kuanzia siku iliyofuata, watu walitingisha vichwa. Hata yule mzee kahama. Kamwogopa chunusi.

Hivyo ndivyo tulivyomwacha Somoe: mfiwa asiye na kaburi.

*

Siku za arobaini zilipokaribia, Bi Fatuma alirudi. Safari hii hakutania.

"Mwanangu Somoe, nimetumwa. Tunaomba khitma isomwe Ijumaa hii hii, isisogezwe."

"Kuna haraka gani, shangazi?"

"Yusufu kapata mtu. Binti wa Ziwani. Hatuwezi kupiga ngoma juu ya kaburi bichi."

"Kaburi lipi?"

Bi Fatuma alijifunga kanga upya.

Somoe hakugomba. Mfiwa hana nguvu za kugombana na watu wa harusi. Alikubali Ijumaa, akaanza kufikiria mchele, kuni na sufuria.

Sufuria kubwa ya shughuli ilikuwa kwa Bibi Conceicao. Yeye ndiye huazimisha majirani. Na mtu kasema ameona moshi kule. Bibi amerudi.

Somoe akashuka mtoni.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Sukuma, mlango kalala tu, hajafungwa."

Bibi Conceicao alikuwa chini, mgongo ukutani, amenyoosha miguu. Ilikuwa imevimba, imepasuka visiginoni. Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa.

"Umepatwa na nini, Bibi?"

"Miguu kakataa. Katembea sana. Nilikuwa nangoja yeye kapona ndiyo nije kwako."

"Nimekuja kuazima sufuria."

"Sufuria? Nilimwacha peke yake, kutu kamla. Kamtoboa chini." Bibi akasikitika kama anayetaja ndugu. "Kaa nikupe chai. Sukari kaisha. Chumvi yuko."

Somoe akacheka. Alijishtukia anacheka. Tangu msiba uingie hakuwa amecheka hata mara moja.

"Bibi, wewe kila kitu kwako ni mtu!"

"Marehemu mume wangu alinicheka hivyo hivyo, miaka yote. Nikamwambia, wewe cheka, lakini ugali kaiva, njoo ule."

Somoe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mkono ukasimama shavuni.

Mlango kalala. Miguu kakataa. Kutu kamla. Ugali kaiva.

Chunusi kamchukua.

"Bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile mume wangu alipokuja kukuuliza habari za Rukia. Ulimwambia chunusi kamchukua. Chunusi yupi?"

Bibi alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeugua ghafla. Kisha akanyanyua vidole viwili, akajigusa mashavu.

"Chunusi wa hapa. Wa usoni. Kwani kuna mwingine?"

"Kuna wa majini, Bibi."

"Toba! Wa majini mimi sijamwona. Mto huu nimemvuka tangu sijavunja ungo."

Somoe akakaa chini karibu naye.

"Niambie yote."

Bibi akamwambia yote. Alimwambia kwa Kiswahili chake, na Somoe hakucheka tena.

Rukia alifika alfajiri, kanga imemfunika kichwa chote. Usiku alikuwa na simu. Katika simu kulikuwa na mwanamke, ngozi yake laini kama yai, anasema: mafuta ya korosho, paka usiku, chunusi kwaheri.

"Huyo wa simu kasema mafuta wa korosho mweupe, wa kula," Bibi alisema. "Lakini huku kwetu, mjukuu, ukisema mafuta wa korosho, ni nani?"

Somoe alimjua ni nani. Kila aliyezaliwa kati ya Nanyamba na mto huu anamjua. Ni yule mweusi anayetoka kwenye ganda likikaangwa. Wanaobangua korosho hujipaka majivu mikononi kwa kumwogopa. Vijana wakorofi huandikia majina yao mkononi kwa kijiti, na jina halifutiki mpaka kaburini. Rashidi alikuwa na chupa yake nyuma ya nyumba. Hupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

"Lakini alijua yanaunguza, Bibi! Mtoto mdogo anajua!"

"Nilimwuliza. Nikasema, mwanangu, hukusikia moto? Kasema, nilisikia. Kasema, dada aliniambia ikiwasha ujue inafanya kazi."

Nje kuku alikuwa anaparua majani makavu. Somoe alimsikiliza kuku huyo kwa muda mrefu.

"Kanga?" aliuliza.

"Kanga kashika usoni. Tulipomtoa, ngozi katoka naye. Ndiyo nikamtupa pale topeni. Jicho moja kafunga. Nikasema twende zahanati. Hataki. Watamwona. Anataka kwenda kwa mdogo wangu Marlene, ng'ambo."

"Kwa nini kwa Marlene?"

"Marlene anasaga msiro."

Msiro ni mzizi. Wanawake wa upande wa pili huusaga juu ya jiwe kwa maji kidogo, ukawa uji mweupe, wakajipaka uso mzima. Uso uliopakwa msiro ni mweupe wote, hauna chunusi, hauna kovu. Rukia alikwenda kutafuta uso wa kuvaa.

Leonel, mpiga kasia, alimvusha kabla watu hawajaamka, bila kujua ni nani aliyejifunika kanga ya Bibi. Ndara aliziacha kwa sababu ya tope.

"Na Rashidi hukumwambia amevuka?"

"Kaniapisha nisiseme yuko wapi mpaka uso kapona. Kiapo ni kiapo. Nikasema neno moja tu, chunusi kamchukua. Nikajua mtaelewa. Uso wake si mnamjua nyie? Kesho yake nikamfuata kumwuguza. Nikawa nangoja mje. Hamkuja."

"Yuko hai?" Somoe alimshika Bibi mkono kwa nguvu. "Bibi, nijibu hilo tu."

Bibi hakujibu hilo tu. Alisema homa ilimshika Rukia, usaha ukatoka, Marlene akawa anamwosha kwa maji ya chumvi. Msiro haupakwi juu ya kidonda, walingoja. Kidonda kikakauka. Jicho la kushoto halikufunguka. Akaanza kula. Akapakwa msiro, akatazama kioo, akatabasamu upande mmoja.

"Halafu watu wakavuka kuuza dagaa. Wakasema Mahurunga kuna msiba, binti kafa maji, kasaliwa, watu wamekula. Yeye yuko pale pale, anasikia. Kauliza, aliyelia ni nani? Wakasema, dada yake kalia sana."

"Akasemaje?"

"Hakulia. Kasema, basi dada kanizika. Kasema, kaniona sina uso, akaona afadhali anizike." Bibi alipumua. "Kasema, sina uso wa kurudi."

Somoe alitoa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya kilio.

"Nakwenda kumchukua leo."

"Mjukuu, ngoja. Sijamaliza. Kukawa na milio. Bunduki. Watu wakakimbia, huyu huku, huyu kule. Marlene kamshika mkono Rukia wakaingia porini. Mimi miguu kakataa. Nikafuata mto peke yangu mpaka Leonel kanikuta. Wao wawili sijui. Kweli, sijui."

*

Rashidi alikuwa anapasua kuni za khitma.

"Baba Mustafa, weka shoka."

Aliliweka.

"Rukia hajafa maji. Bibi alisema chunusi za usoni. Za usoni, Baba Mustafa! Kila kitu kwake ni mtu, chumvi yuko, kutu kamla, tumekua tunamcheka!"

Alitegemea mumewe aruke, apige kelele, aulize. Rashidi alichukua kipande cha kuni, akakiweka juu ya kingine. Akakinyoosha kilale sawa.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Mbona hushangai?"

Rashidi akakaa juu ya gogo. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku njema.

"Nilielewa njiani," alisema.

"Njia ipi?"

"Siku ile. Nimesharudi, nimekwambia, umeanguka. Nikatumwa kumwita shehe. Njiani nikakumbuka Bibi alivyonijibu mlangoni. Alisema, karibu, mbwa kalala, moto kazimika, na Rukia chunusi kamchukua. Yote kwa mkupuo mmoja. Nikasimama. Nikasema, Rashidi, huyu mzee hakusema unachodhani."

"Ukarudi kwake?"

"Nilikuwa nimefika kwa shehe. Wewe huku unalia mpaka unazimia. Nusu ya kijiji imekwishajaa uani. Nikasema nitakwenda asubuhi nihakikishe kwanza, nisije nikakupa tumaini la bure. Asubuhi nikakuta nyumba imefungwa."

"Na siku zote hizi?"

"Nilikuwa nangoja Bibi arudi."

"Ulikuwa unangoja! Mie navaa kaniki, wewe unangoja!"

"Na ile chupa," Rashidi alisema taratibu. "Chupa yangu ya kupaka nguzo niliikuta tupu, na kijiko chako cha kupimia magadi kimo ndani. Nikajua amefanya nini. Nikasema, akiwa hai na uso ule, ataolewa na nani, ataishi vipi? Nikaona... watu wameshamlilia kwa heshima. Nikanyamaza."

Somoe alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Hakumpiga. Hakumtukana. Alichukua chupa ya mafuta meusi iliyokuwa bado imeegemea ukutani, akaitazama ndani, akairudisha mahali pake.

"Khitma hakuna," alisema.

"Sauti hiyo nimeisikia mpaka barabarani." Ilikuwa Bi Fatuma, amesimama na furushi la vitunguu alivyoleta kwa ajili ya pilau. "Hakuna khitma kwa sababu gani?"

"Rukia yu hai, shangazi."

"Nani kasema?"

"Bibi Conceicao."

"Yule anayesema jua kachelewa kwa sababu kalala?" Bi Fatuma alitua vitunguu chini. "Mwanangu, nakuonea huruma, Mungu anajua. Lakini shehe kakubali, watu wamealikwa, na harusi ya Ziwani imeshatangazwa. Ukiwaambia watu yuko hai, watauliza yuko wapi. Utawaonyesha nini? Ndara na kanga ya topeni?"

Somoe alilisukuma furushi la vitunguu kwa mguu.

"Mlete," Bi Fatuma alisema. "Mlete nimwone kwa macho yangu kabla ya sala ya Ijumaa, nami mwenyewe nitawafukuza waalikwa. Usipomleta, tunasoma. Hata nawe utapata kupumua."

"Nitamleta. Na ukimwona uso wake usiseme neno, shangazi. Hata moja."

Bi Fatuma aliokota vitunguu vyake, akashika njia.

*

Kivukoni Somoe alikuta mitumbwi imepandishwa juu ya mchanga, makasia yamekusanywa, na askari wawili wamekaa kivulini. Leonel alikuwa amechuchumaa kando, mikono mitupu.

"Leonel, nivushe."

"Siwezi, dada. Kumefungwa tangu jana. Havuki mtu, kwenda wala kuja, mpaka wamalize kuwakagua wale."

Alielekeza kidevu ng'ambo.

Somoe akatazama. Ukingo wa pili ulikuwa umejaa watu: masufuria, magodoro yaliyokunjwa, mbuzi, wazee waliolazwa juu ya mikeka. Ndio waliokimbia milio. Mbele yao, majini mpaka magotini, wanawake walikuwa wanateka maji. Kulipambazuka wakiwa na hofu, lakini walikuwa wamejipaka, maana mwanamke wa kule hatoki mbele za watu uso mtupu. Wote walikuwa na msiro.

Nyuso nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kwa umbali ule, zote zilikuwa uso mmoja.

Somoe aliingia majini. Askari mmoja akasimama.

"Mama, rudi. Kuna mamba hapo."

Hakurudi. Maji yalimfika mapajani. Akaweka viganja mdomoni.

"Rukiaaa!"

Mto ulikuwa umetulia, sauti ikapita juu yake mpaka ng'ambo. Wanawake wote wakainua vichwa, wakageuka kumtazama.

Mmoja aligeuka upande mwingine. Alivuta kanga ikamfunika kichwa, akajitwika ndoo, akapanda ukingo bila kuangalia nyuma.

"Rukia! Hatujakuzika! Ni neno tu, mdogo wangu! Lilikuwa ni neno tu!"

Kanga ile iliingia katikati ya watu, haikuonekana tena. Askari alimshika Somoe bega, akamrudisha mchangani kwa upole.

"Mnafungua lini?" alimwuliza.

"Jumatatu."

Khitma ni Ijumaa.